UZI: Kukata picha za mavazi ya Second Life zitoke safi, bila ukingo wa kijani (leso, mitandio, kofia za vito)

#1 FundiMatamvua

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naandika kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Mimi ni fundi wa mavazi ya Second Life. Nachora, naunda meshi (umbo la nguo la pande tatu), nauza: leso, madera, mabuibui, kanzu, vikoi. Kila wiki napata ujumbe wa mtu akiuliza mbona picha zake za dukani zina ukingo wa kijani, mbona matamvua ya kikoi yameliwa, mbona mtandio mwepesi umetoka kama karatasi ya gundi. Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo naweka hapa yote ninayoyafanya.

Kwa wageni kwanza. Second Life ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Karibu kila kilichomo ndani kimetengenezwa na wakaazi wenyewe, na wanauziana kwa dola za Linden. Mteja wa huko hawezi kushika kitambaa. Pale Biashara Street muuza leso anakukunjulia doti nzima, unaona pindo, unaona mji, unasoma jina, unapapasa, unanusa mpaka ile dawa ya kitambaa kipya. Kwetu sisi yote hayo yanafanywa na picha moja iliyobandikwa kwenye kibao ukutani. Mama yangu aliuza leso maisha yake yote, na nakumbuka alivyokuwa akikasirika mtu akizitundika vibaya, pindo limejikunja na jina halisomeki. Akisema hiyo si leso tena, ni kitambaa. Nikiona kibao chenye leso iliyokatwa ovyo, pembe zina ukungu wa kijani, namsikia yeye.

Nianze na kosa nililolifanya mimi muda mrefu, kwa kuwa wengi mko hapo. Nilikuwa nasimamisha avata, yaani yule mtu wa kompyuta anayekuwakilisha huko, mbele ya ukuta wa kijani, napiga picha, kisha natumia ile zana ya kuchagua kwa rangi na kufuta. Tatizo haliko kwenye kufuta. Liko kwenye pikseli za ukingo. Kompyuta ikichora ukingo wa nguo, pikseli inayoangukia mpakani huchanganywa, nusu nguo na nusu ukuta, ili ukingo usionekane kama ngazi. Kwa hiyo kijani kimo ndani ya ile pikseli, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi. Ukiifuta yote nguo inaliwa. Ukiiacha unabaki na uzi wa kijani kuzunguka bega. Na kwa kitambaa chepesi ndiyo kabisa, maana mtandio wa shifoni hauna ukingo mmoja. Kila pikseli yake ni mchanganyiko.

Dawa yake ni kupiga picha mbili zilizo sawasawa kwa kila kitu, moja mbele ya ukuta mweupe kabisa, ya pili mbele ya ukuta mweusi kabisa. Fikiri pikseli moja. Ikiwa ni nguo nzito, itakuwa na rangi ileile kwenye picha zote mbili, kwa sababu ukuta hauonekani. Ikiwa ni ukuta mtupu, itakuwa nyeupe huku na nyeusi kule, tofauti kamili ya 255. Ikiwa ni shifoni inayopitisha theluthi ya mwanga, tofauti itakuwa theluthi. Maana yake, toa picha ya weusi kutoka ya weupe, na kilichobaki kinakuambia kila pikseli inapitisha kiasi gani. Hakuna kukisia. Hakuna mkasi. Tofauti hiyo ukiigeuza, weupe uwe weusi, ndiyo alfa yako, yaani kipimo cha kila pikseli ni nzito au wazi kiasi gani.

Na rangi halisi ya nguo unaipata kwa kuchukua picha ya ukuta mweusi na kuigawanya kwa hiyo alfa. Kwenye ukuta mweusi ukuta hauongezi rangi yoyote, unapunguza tu. Kwa hiyo kugawanya kunarudisha rangi ilivyokuwa. Ule ukingo wa kijani hauna mahali pa kutokea, kwa kuwa hakukuwa na kijani.

Sasa studio. Nenda uwanja wa majaribio wowote unaoruhusu kujenga. Toa primu moja (kile kipande cha msingi cha kujengea), ivute iwe mita 10 kwa 10, isimame nyuma ya avata. Ondoa ile tekscha (picha inayofunika kitu) ya mbao inayokuja nayo, weka tupu. Halafu weka skripti hii ndani yake:

```
default
{
    state_entry()
    {
        llSetPrimitiveParams([PRIM_FULLBRIGHT, ALL_SIDES, TRUE]);
        llListen(5, "", llGetOwner(), "");
    }
    listen(integer njia, string jina, key nani, string neno)
    {
        if (neno == "nyeupe") llSetColor(<1,1,1>, ALL_SIDES);
        if (neno == "nyeusi") llSetColor(<0,0,0>, ALL_SIDES);
    }
}
```

Ukiandika /5 nyeupe ukuta unakuwa mweupe, /5 nyeusi unakuwa mweusi. Ile fullbright ndiyo muhimu: ukuta hautegemei jua wala haupokei kivuli cha avata. Nimeuamrisha kwa maandishi makusudi. Ukigusa ukuta kwa mausi, mboni za avata hufuata kishale, na picha mbili hazitalingana.

Mengine ya haraka. Zima AO, kile kifaa kinachoichezesha avata ikisimama. Weka pozi isiyosogea. Zima ukungu wa kamera wa mbali na karibu, maana unalainisha kingo na kuzichafua. Usipige na sakafu. Kivuli cha miguuni utakipaka baadaye mwenyewe. Sogea mbali kisha vuta kwa Ctrl+0, usisogee karibu, kwani kamera ikiwa karibu dera linavimba kiunoni na miguu inakuwa mifupi. Ctrl+9 inarudisha kamera ilivyokuwa.

Kisha piga kubwa. Mimi napiga upande wa pikseli 4,096 hata kama kibao changu ni cha 1,024. Ukiipunguza mara nne kwa kila upande, kila pikseli ya mwisho inakuwa wastani wa pikseli 16, na hapo ndipo matamvua yanapotoka uzi kwa uzi. Hifadhi PNG, usihifadhi JPEG, kwa sababu JPEG huchafua kingo kabla hata hujaanza.

Ya Gimp, programu ya kuhariri picha, nitaandika kwenye jibu linalofuata. Umeme hapa umekuwa ukienda na kurudi tangu alasiri, nahofia kuipoteza hii.

#2 Kibokoni_Juu

Dada, Mungu akuweke. Nina kofia za vito kumi na mbili nimeziweka bila kuziuza, kwa sababu picha zake ni aibu. Kofia ya vito uzuri wake ni vile vijitundu vilivyodariziwa pembeni. Mimi nimekuwa nikipitisha picha kwenye tovuti za kuondoa mandhari, zile zinazotumia akili mnemba. Kofia inatoka imekatwa vizuri kwa nje, lakini matundu yote yamezibwa. Kwa mteja anayejua kofia, hiyo ni kofia ya plastiki.

#3 FundiMatamvua

Hilo ndilo hasa, kaka. Zile programu zinakisia umbo. Zimefundishwa kuona mtu, kiti, gari, na kitu kikiwa kizima zinakikata kizima. Kijitundu cha pikseli tatu kwao ni doa. Kwa picha mbili, kompyuta haihitaji kujua kofia ni nini. Tundu linaonyesha ukuta, ukuta ulikuwa mweupe kisha mweusi, basi ni tundu.

Sizikatai kabisa. Kwa viatu vizito au kofia ya kawaida ya jua zinakutoa haraka. Lakini kazi ya mkono kama vito au ukili sitaipa mashine ikisie.

#4 FundiMatamvua

Sasa Gimp. Toleo lolote kuanzia 2.10 linafaa, ni bure, na linaenda hata kwenye laptopu ya zamani.

Fungua picha ya weusi. Juu yake weka picha ya weupe kama tabaka la pili. Tabaka la juu libadilishe modi iwe Difference. Utaona mandhari nyeupe na umbo jeusi la nguo, na mahali penye shifoni kijivu. Tengeneza tabaka jipya kutokana na unachokiona, ligeuze rangi kwa Invert. Hiyo ni alfa. Liite alfa usije ukachanganya.

Hapa simama uangalie kwa makini, usipite mbio. Alfa inatakiwa iwe kijivu kitupu, bila rangi yoyote. Ukiona mstari wa bluu au wekundu begani, kitu kilisogea kati ya picha mbili. Na ndani ya nguo nzito panatakiwa pawe peupe pe. Ukiona madoa ya kijivu kwenye kitambaa kizito, ama nguo inang'aa na inaakisi ukuta, ama mwanga ulibadilika. Chukua ile zana ya kupima rangi, bofya kwenye mandhari ya picha zote mbili. Nyeupe isome 255, nyeusi isome 0. Tangu viewa (programu za kuingilia Second Life) za PBR, ule mfumo mpya wa mwanga na mng'ao, zitoke mwishoni mwa 2023, mpangilio wa mwanga unaweza kuuvuta weupe ukawa 240 na kitu, na macho hayatakuambia. Ukikuta hivyo, nyoosha kwa zana ya Levels kwenye picha zote mbili kwa kipimo kilekile kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo, fanya nakala ya picha ya weusi, weka nakala ya alfa juu yake, modi Divide. Unganisha hayo mawili. Utaona nguo imetoka na kingo kama zilizovimba, usiogope, hiyo ndiyo rangi safi ya nguo. Kwenye tabaka hilo ongeza maski, yaani kifuniko kinachoficha palipo peusi na kuonyesha palipo peupe, bandika alfa ndani ya maski. Ficha mengine yote. Weka tabaka la rangi yoyote chini, nyekundu, njano, uionavyo. Mara ya kwanza nilipoweka mtandio wangu juu ya mlango wa rangi ya mbao nikaona maua ya mlango yanapita ndani ya shifoni kama ya kweli, nilikaa kimya muda.

Modi ziko za makundi mawili ndani ya Gimp, za sasa na za zamani, na zinahesabu mwanga tofauti. Difference na Divide zitoke kundi moja. Kujua kundi gani linafaa kwa kazi yako, piga picha ya tatu, ukuta wa rangi ya duka lako. Linganisha na nguo uliyoikata ukiiweka juu ya rangi ileile. Ikiwa shifoni imekuwa nzito au nyepesi kuliko picha ya tatu, jaribu kundi jingine, au rekebisha maski kidogo kwa Curves. Kwa nguo nzito hutaona tofauti. Kwa mtandio utaona.

Punguza ukubwa mwisho, si mwanzo.

#5 NyumaYaFeri

Mimi niko Likoni. Nimejaribu usiku huu huu. Umbo limetoka vizuri kiwiliwili, lakini usoni kuna kivuli cha pili, kama macho manne, na nywele zina mistari ya rangi. Pozi niliweka, AO nimezima. Nimekosea wapi?

#6 FundiMatamvua

Macho manne ni mambo mawili. Moja, avata inapepesa macho. Mbili, kishale chako kilihama. Kama kichwa ni cha meshi kina kidhibiti chake, zima kupepesa humo. Kishale kiache mahali pamoja, na upige kwa vitufe, usiende kubofya.

Nywele: ikiwa zina sehemu laini zinazopeperuka, upepo unazisogeza hata kama wewe huoni. Tafuta nywele za meshi tupu zisizopeperuka, au piga nguo bila kichwa kabisa. Kwa vibao vya buibui mimi napiga bila uso, ni heshima pia, na kazi inapungua nusu.

Halafu kuna jambo la tatu. Avata hupumua. Kifua kinapanda na kushuka kidogo hata kwenye pozi, isipokuwa pozi yenyewe imeshika viungo vyote kwa nguvu. Ndiyo maana sipigi jozi moja. Napiga jozi tano au sita, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, kisha nazijaribu zote kwenye Difference na kuchagua iliyo safi. Dakika tano za ziada zinakuokoa saa nzima ya kupaka rangi kingo.

Na ulipoandika /5, mikono haikucheza? Ukianza na mkwaju ile ishara ya kuandika haitokei kwa kawaida, lakini ni salama zaidi kuizima kabisa kwenye mapendeleo ya viewa ya Firestorm.

#7 NyumaYaFeri

Kishale ndicho. Nilikuwa nabofya kitufe cha kuhifadhi kila mara. Shukran sana.

#8 MwanaMitumba

Mimi sipingani na hesabu yako dada, lakini nataka kusema neno kwa wanaoanza. Nina duka dogo, nauza fulana na jinzi za kawaida. Ukuta wa kijani unanitosha. Nikipiga kubwa na kupunguza, ule ukingo haufikii hata pikseli moja, na nikikaza maski kidogo ndani unakwisha. Picha mbili, skripti, kugawanya... mtu wa kwanza ataona ni mlima aache. Halafu kijani kina faida: kama nguo yenyewe haina kijani, unaona mara moja ulipokosea.

#9 FundiMatamvua

Kaka, kwa jinzi nakubaliana nawe. Kitambaa kizito, ukingo mgumu, kaza maski pikseli moja na umemaliza. Sitaki mtu aone mlima asiouhitaji.

Lakini angalia wanachouza wengi walioniandikia. Dera ni kitambaa chepesi, mwanga unapita. Kikoi kina matamvua. Ukikaza maski pikseli moja, tamvua lenye upana wa pikseli mbili limekwisha. Leso ya kisutu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, hapo kijani kitakusaidia kweli, lakini leso nyingine zetu ndizo zenye kijani kibichi chenyewe. Na nguo zinazong'aa kwenye PBR zinaakisi kilicho karibu nazo. Hariri mbele ya ukuta wa kijani inapata kijani katikati ya kitambaa, si ukingoni tu. Hiyo hakuna maski itakayoitoa.

Kwa vito na hariri nifanyavyo mimi ni hivi: ukuta naufanya mdogo kiasi cha kujaza picha tu, naupeleka nyuma zaidi, mita tano sita, ili kinachoakisiwa kiwe anga. Kisha picha ya tofauti ikionyesha madoa madogo ndani ya hariri, nayapaka meupe kwa brashi kwenye maski, kwa sababu najua hariri ile ni nzito.

#10 BintiGanjoni

Naomba msaada kwa jambo la baada ya hapo. Kwenye Gimp picha yangu ni safi kabisa. Nikiipakia Second Life na kuiweka kwenye kibao, inazungukwa na mstari mweupe. Ukiwa karibu hauonekani sana, ukisogea mbali unazidi. Nimefuta na kupakia mara nne, na kila mara nalipa.

#11 FundiMatamvua

Pole sana dada. Hiyo ni tabia ya PNG, na inawatesa watu wengi. Pikseli iliyo wazi kabisa bado ina rangi ndani yake, ila haionekani. Programu nyingi zikihifadhi PNG zinaijaza nyeupe au nyeusi. Ukiwa ndani ya Second Life, kibao kikiwa mbali kompyuta inatumia nakala ndogo ya tekscha, na kutengeneza nakala ndogo ni kuchanganya pikseli za jirani. Weupe uliofichwa unachanganyika na ukingo wa nguo. Ndiyo maana unazidi ukisogea mbali.

Tiba: ile rangi iliyofichwa ifanane na nguo. Nakili tabaka la nguo, liweke chini, lipe ukungu mkubwa, rudia nakala hiyo mara tatu nne mpaka rangi za nguo zienee nje ya ukingo kama wino kwenye karatasi mbichi, kisha liunganishe liwe tabaka lisilo na uwazi. Maski yako ibaki juu ya muungano huo. Ukihifadhi PNG kwenye Gimp kuna kisanduku cha kutunza rangi za pikseli zilizo wazi, kiweke tiki. Au hifadhi TGA yenye alfa, hiyo haichezi na rangi zako.

Lakini swali langu kwako: kibao chako kinahitaji uwazi kweli?

#12 BintiGanjoni

Nilidhani ndiyo maana ya kukata. Nguo ielee ukutani.

#13 FundiMatamvua

Hapa naomba wote mnisikilize, kwa kuwa naona maduka mazuri yanaharibika kwa jambo hili.

Kukata ni kazi ya mezani. Nguo iliyokatwa unaiweka juu ya mandhari yako kwenye Gimp: ukuta wa chokaa, mlango wa kuchonga, rangi tupu, chochote. Weka kivuli chini ya miguu, duara bapa lenye ukungu. Kisha unganisha yote, hifadhi bila alfa, pakia. Mteja ataona nguo imesimama safi, na kibao chenyewe ni tekscha ya kawaida isiyo wazi.

Sababu ya kwanza ni uzito. Tekscha ya 1,024 kwa 1,024 bila alfa ni baiti tatu kwa pikseli, megabaiti 3 kwenye kadi ya picha. Yenye alfa ni baiti nne, megabaiti 4. Duka la vibao 60 hiyo ni tofauti ya megabaiti 60, na mteja mwenye laptopu dhaifu anasimama anaangalia vibao vya kijivu visivyofunguka. Ataondoka.

Sababu ya pili: vitu viwili vyenye uwazi vikiwa mbele na nyuma, viewa inababaika kipi kiko mbele. Kibao chako chenye uwazi kikisimama mbele ya kioo cha dirisha, ukizungusha kamera kimoja kinapotea, kinarudi. Unaweza kubadili modi ya alfa iwe masking, kubabaika kutakwisha, lakini masking inajua ndiyo na siyo tu. Shifoni yako itakatwa kama kwa shoka, na kazi yote ya picha mbili imepotea.

Uwazi wa kweli kwenye duka nautumia mahali pamoja tu, sanamu bapa ya mlangoni inayosimama peke yake, hakuna kingine cha uwazi karibu.

#14 Kibokoni_Juu

Na ukubwa? Kuna mtu aliniambia nipakie kubwa kuliko zote, ndiyo picha inakuwa kali.

#15 FundiMatamvua

Hapana. Second Life inabadilisha kila tekscha kuwa JPEG 2000 yenye hasara kidogo, na pande zake lazima ziwe 256, 512, 1,024 na kuendelea hivyo. Ukipakia 1,000 kwa 700 yenyewe itaivuta ifikie kipimo chake, na kuvutwa huko ndiko kunakotia ukungu. Punguza mwenyewe Gimp mpaka kipimo kamili. Kama kibao chako ni cha uwiano wa 4:3, tengeneza picha ya 4:3, kisha ibane iwe mraba wa 1,024; kibao chenyewe kitaikunjua tena.

Kisha, baada ya kupunguza, noa kidogo. Kidogo! Ukinoa sana kingo zinapata mstari mweupe na umerudi ulikotoka.

Sasa jina la leso, jambo ambalo hakuna mtu ameniuliza na linaniuma kuliko yote. Piga hesabu. Avata ya mita 2 ikijaza picha ya 1,024, kila sentimita inapata pikseli 5 hivi. Herufi za jina zenye urefu wa sentimita 4 zinapata pikseli 20. Zinasomeka. Kwenye 512 zinapata 10, na baada ya kubanwa na JPEG 2000 zinakuwa michirizi. Watu wanapakia leso nzuri kwa 512, jina limekufa, na mteja anakwenda kwa mwenye jina linalosomeka. Leso mtu hununua kwa jina. Mwenye kumpelekea mtu ujumbe kwa leso atajuaje anapeleka nini?

Kwa hiyo mimi kila leso ina picha mbili za kibao. Moja imevaliwa, imekatwa kama nilivyoeleza. Ya pili ni leso yenyewe imekunjuliwa bapa, pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Hiyo siipigi picha kabisa. Nachukua tekscha yangu ya asili niliyoichora, naiweka kwenye mandhari moja kwa moja, kwa kuwa hakuna kamera itakayoitoa safi kuliko chanzo chake.

#16 MwanaMitumba

Hilo la tekscha ya asili ni sahihi, lakini tahadhari: ukiweka tekscha nzima bila alama, mtu anaichukua na kuishonea nguo yake. Mimi niliibiwa mchoro wa fulana hivyo.

#17 FundiMatamvua

Kweli kabisa, na ahsante kwa kulisema. Ndiyo maana ile ya bapa naiweka ikiwa imelazwa upande kidogo na mikunjo miwili mitatu juu yake, na naipunguza isizidi 1,024 pamoja na mandhari, wakati tekscha ya nguo yenyewe iko kivyake. Jina linasomeka, pindo linaonekana, lakini mtu akiichukua hapati pembe nne zilizonyooka za kushonea. Kuna atakayeinyoosha akitaka, lakini atatoka jasho.

#18 BintiGanjoni

Nimemaliza sasa hivi. Buibui na mtandio wa shifoni, jozi ya nne ndiyo iliyokuwa safi. Nimeweka juu ya ukuta wa chokaa wa njano hafifu, kivuli chini, bila alfa, 1,024. Nimeenda mpaka mwisho wa duka nikageuka nikaangalia, hakuna mstari. Ila mtandio naona umekuwa mweusi zaidi kidogo kuliko nikiuvaa.

#19 FundiMatamvua

Hongera dada! Weusi huo ni lile jambo la makundi ya modi. Piga picha ya tatu kwenye ukuta wa njano huohuo: badilisha rangi kwenye skripti, ongeza mstari mmoja wa llSetColor wenye neno "njano". Linganisha. Nadhani ulitumia Difference ya kundi moja na Divide ya jingine. Rudia kutoka hatua ya alfa, si kutoka kupiga picha; jozi yako ya nne itunze.

#20 BintiGanjoni

Ndiyo, Divide ilikuwa ya zamani na Difference ya sasa. Nimerudia. Imelingana na picha ya tatu. Kibao kiko juu, na cha pili, kisutu chenye jina, nakipakia kesho umeme ukitulia.